Volti zilizopotea darasani

Juma lililopita tuliwaahidi kuendelea na habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Twawaombeni radhi: mahindi yatangoja kidogo. Tumepokea barua ya kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, na tangu siku tuliyoifungua haikutuacha tulale vema. Jina lake hatulitaji, wala jina la shule yake, maana hatukusudii kumwaibisha mtu. Lakini neno aliloliuliza ni kubwa, tena wazazi wake wanastahili kulisikia kama yeye mwenyewe.

Atuambia hivi. Mwalimu wao aliwagawia kazi ya kuhakikisha sheria mbili za umeme kwa mikono yao wenyewe. Kila mwanafunzi alipewa betri 6 za tochi zilizopangwa kwa mfuatano, vikinzani viwili, na kipima-volti chenye mshale. Vikinzani ni vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi ambavyo mafundi wetu wa redio huviita rezistansi; kazi yao ni kuuzuia umeme usipite kwa wingi. Viwili vile vilikuwa sawasawa, kila kimoja cha omu 1,000,000. Betri zilikuwa na volti 9. Basi, kitabu chasema kwamba vikinzani viwili vilivyo sawa, vikifuatana katika njia moja, hugawana volti nusu kwa nusu: 4.5 huku na 4.5 kule, na jumla yake 9.

Kijana wetu akapima cha kwanza. Mshale ukasimama kwenye volti 1.3. Akapima cha pili: 1.3 tena. Akazifunga waya upya, akapangusa ncha zake, akapima mara ya tatu: 1.3. Akaandika katika daftari lake 1.3 na 1.3, jumla 2.6, na chini yake akaandika, «Sioni volti 6.4 zimekwenda wapi.» Mwenzake aliyeketi ubavuni pake aliona mshale ukisimama mahali pale pale, lakini yeye akaandika 4.5 na 4.5, jumla 9, sheria imehakikishwa. Daftari ziliporudi, mwenzake alikuwa amepata alama zote, na kijana wetu sifuri. Naye anatuuliza: «Je, sheria ilivunjika, au mimi sijui kusoma mshale?»

Mwanetu, sheria haikuvunjika, na mshale uliusoma vema. Tutakuonyesha zilikokwenda hizo volti 6.4. Lakini vumilia kwanza, kwa kuwa wako wasomaji wetu, baba na mama, ambao hawakusoma habari hizi shuleni, nao hatutaki kuwaacha njiani.

Wenyeji wa Bukavu na wa Uvira wataelewa upesi. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu mita 770. Mto Ruzizi hutoka lile la juu na kushuka mpaka lile la chini, na njia nzima hushuka kama mita 690. Mahali pengine hushuka ghafula kwa kelele, mahali pengine hutambaa polepole katika uwanda. Mtu akipima kila mteremko peke yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa mwisho, kisha akajumlisha, atapata mita zile zile 690, hazipungui wala hazizidi. Hawezi kupata 500, hawezi kupata 800. Akipata hivyo, ajue kuna mteremko aliousahau au aliouhesabu mara mbili.

Tena kuna jambo la pili. Katika mto huo umejengwa mtambo wa umeme wa Ruzizi ya Kwanza, unaofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na chini yake ule wa Ruzizi ya Pili, wa mwaka 1989, ambao Kongo, Rwanda na Burundi zinashirikiana. Maji yaliyozungusha magurudumu ya mtambo wa juu ndiyo hayo hayo yanayokuja kuzungusha ya mtambo wa chini. Mtambo wa juu haukuyala maji. Umetumia kimo chake tu. Twalitia mkazo neno hili kwa sababu watu wengi, hata wenye kuvaa miwani, hudhani kwamba taa ya kwanza katika mfuatano hula umeme na kuiachia ya pili makombo. Sivyo kabisa. Mkondo wa umeme, yaani wingi wa umeme unaopita, ambao hupimwa kwa ampea, ni mmoja katika njia nzima isiyogawanyika, mwanzo hata mwisho. Kinachogawanywa ni kimo, na kimo cha umeme ndicho tunachokiita volti.

Betri basi ni kama mtu mwenye nguvu anayeyabeba maji kutoka Uvira na kuyarudisha Bukavu, yapate kushuka tena. Kupanda kwake na kushuka kwa mto ni sawa. Hiyo ndiyo sheria ya volti: ukiuzunguka mzunguko wote na kurudi pale ulipoanza, volti ulizopanda ni sawa na volti ulizoshuka. Aliyeiandika kwanza alikuwa Gustav Robert Kirchhoff, mwaka 1845, mjini Königsberg, naye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, umri wake miaka 21. Ninyi wanafunzi mnaodhani kwamba mambo yote yalivumbuliwa na wazee wenye mvi, likumbukeni neno hilo.

Kabla yake alitangulia Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli wa mji wa Erlangen, ambaye tangu mwaka 1817 alikuwa akifundisha hesabu na fizikia huko Köln, katika shule ya zamani ya Wajezuiti. Huyu ndiye aliyeonyesha jinsi volti, mkondo na ukinzani vinavyofungamana: ukitaka kujua volti zinazoshuka katika kikinzani, zidisha mkondo kwa omu zake. Na kwa kuwa mkondo ni mmoja katika vikinzani vyote vinavyofuatana, mwenye omu nyingi hushusha volti nyingi, mwenye omu chache hushusha chache, kila mmoja kwa kadiri ya sehemu yake katika jumla. Hiyo ni sheria ya pili, ya kugawanya volti. Kwa kweli ni binti wa sheria ya Ohm.

Sisi wenyewe, baada ya kuisoma barua ile, hatukutaka kujibu kwa maneno matupu. Tuliazima vyombo, tukafunga mlango, tukaanza. Tulichukua vikinzani vitatu: cha omu 1,000 chenye rangi ya kahawia, nyeusi na nyekundu, cha omu 2,000 chenye nyekundu, nyeusi na nyekundu, na cha omu 3,000 chenye rangi ya chungwa, nyeusi na nyekundu. Vyote vitatu vilikuwa na mstari wa dhahabu pembeni, maana yake mtengenezaji anakiri kwamba omu zaweza kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Tuliona vema kukumbuka kiri hilo. Tukaviunga kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine kama siafu, na ncha mbili za mwisho tukazitia kwenye betri 6 mpya. Kipimo chetu kilikuwa cha namna ya siku hizi, kinachoonyesha tarakimu badala ya mshale.

Kwanza tulihesabu kwa kalamu. Betri, tulipozipima zikiwa kazini, zilionyesha volti 9.18. Omu zote ni 6,000. Basi kila omu 1,000 yapaswa kupata volti 1.53; tukategemea kuona 1.53, 3.06 na 4.59. Ndipo tukapima. Tukaona 1.51, kisha 3.12, kisha 4.55.

Mmoja wetu akasema, «Zimekosa.» Mwingine akasema, «Zijumlishe kwanza.» Tukazijumlisha: 1.51 na 3.12 ni 4.63, na 4.55 ni 9.18. Kamili, kama betri!

Hapo ndipo tulipofurahi kuliko kama tungalipata zile tarakimu za kwenye karatasi. Tazameni: sheria ya jumla ilisimama imara, wala haikujali kama maandishi ya mtengenezaji ni ya kweli au si ya kweli. Lakini ule ugawaji ulijali. Tukavitoa vikinzani, tukapima omu za kila kimoja peke yake: 985, 2,030 na 2,960. Jumla 5,975. Tukaigawa 9.18 kwa kadiri hizo, nazo zikaja 1.51, 3.12 na 4.55, vile vile kabisa kama tulivyosoma. Kwa hiyo kosa halikuwa katika sheria, wala katika macho yetu, bali katika rangi zile, ambazo tangu mwanzo zilitujulisha kwamba si za kutegemewa kwa asilimia 5. Mwanafunzi anayeandika 1.53, 3.06 na 4.59 kwa kuwa ndizo «nzuri», hatajua kamwe kwamba kikinzani chake cha kwanza kina omu 985. Amejifungia mlango mwenyewe.

Sasa twarudi kwa kijana wetu na volti zake 6.4.

Tulinunua vikinzani viwili vya omu 1,000,000, vyenye rangi ya kahawia, nyeusi na kijani kibichi, tukachagua vilivyo karibu sawa. Tukaviunga kama alivyoviunga yeye. Kisha tukamwendea fundi wa redio jirani yetu, mtu mwenye vyombo vya kale, akatuazima kipima-volti cha mshale. Tukapima: volti 1.3 huku, volti 1.3 kule. Basi, yule mwanafunzi hakusema uongo. Tukachukua kipimo chetu cha tarakimu: 4.37 huku, 4.37 kule, jumla 8.74. Hata hicho kimepoteza volti 0.44, ingawa ni kidogo. Betri ni zile zile, vikinzani ni vile vile. Kilichobadilika ni nini? Kipimo tu.

Hapa ndipo siri ilipo. Kipima-volti si jicho linalotazama kutoka mbali. Ili mshale usogee, lazima umeme kidogo upite ndani ya chombo chenyewe. Ukikigusisha kwenye ncha mbili za kikinzani, umeufungulia umeme njia ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza. Ni kama kuchimba mfereji pembeni ya mto ili kupima kina cha maji: mfereji ukiwa mwembamba, mto hauhisi, mfereji ukiwa mpana kuliko mto wenyewe, umekwisha kuugeuza mto uliotaka kuupima.

Chombo cha yule fundi kimeandikwa usoni mwake, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi, kwamba kina omu 20,000 kwa kila volti. Tulikuwa tumekiweka kwenye kipimo cha volti 10. Basi ndani yake mlikuwa na omu 200,000. Linganisheni: kikinzani kina omu 1,000,000, na chombo kilichowekwa ubavuni pake kina 200,000 tu. Umeme mwingi ukakimbilia njia nyepesi. Viwili hivyo kwa pamoja vikawa kama kikinzani kimoja cha omu 166,667 hivi, kimefuatana na ndugu yake mwenye omu 1,000,000. Gawanyeni volti 9 za kijana wetu kwa kadiri hizo: cha kwanza kitapata 1.29, na cha pili 7.71. Mshale ukaonyesha 1.3, na ulisema kweli tupu. Wakati ule ule kikinzani cha pili kilikuwa kimebeba volti 7.7, lakini hakuna aliyekitazama. Kisha kijana wetu akahamisha kipimo upande wa pili, na mambo yakageuka: sasa cha pili kikashuka mpaka 1.3, na cha kwanza kikapanda mpaka 7.7.

Kwa hiyo zile 1.3 mbili hazikutoka katika mzunguko mmoja. Zilitoka katika mizunguko miwili mbalimbali, na aliyeibadilisha ni mpimaji mwenyewe alipohamisha chombo. Kuzijumlisha ni kama kupima kimo cha mtoto amesimama, kisha cha nduguye ameketi, halafu kushangaa kwamba hesabu ya familia haitimii.

Je, twaweza kuonyesha hayo wala si kuyasema tu? Twaweza. Tuliacha chombo cha mshale kwenye kikinzani cha kwanza, tusikiondoe, na kwa wakati huo huo tukaweka kile cha tarakimu kwenye cha pili. Hesabu zetu zilisema 1.42 na 7.76. Mshale ukasimama juu kidogo ya 1.4, tarakimu zikasema 7.76. Jumlisheni wenyewe. Volti zilizopotea zimeonekana, wala hazikuwa zimetoka chumbani.

Na kwa nini kipimo cha tarakimu kilikosea kidogo tu? Kwa sababu ndani yake mna omu 10,000,000, mara kumi ya kikinzani. Mfereji wake ni mwembamba. Mwembamba, lakini upo.

Twajua kwamba mwalimu wa darasa kubwa, mwenye daftari nyingi za kusahihisha usiku kwa taa hafifu, hana nafasi ya kuchunguza kila tarakimu. Hatumhukumu. Lakini neno hili hatuwezi kulimeza: namba 4.5 iliyopewa alama zote haikuonekana kwa jicho la mtu yeyote katika chumba kile, na namba 1.3 iliyopewa sifuri ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli. Tena yule mwenzake, ambaye hatumchukii, amejifunza siku ile somo lisilokuwamo katika kitabu cha fizikia. Kesho akiwa muuguzi atapima homa ya mtoto, na ataandika katika karatasi yale yanayotazamiwa au yale anayoyaona?

Hata Ohm mwenyewe alipita katika njia hiyo. Mwaka 1825 alitangaza kanuni ya kwanza ya mkondo wa umeme, nayo haikuwa sahihi, kwa kuwa betri za siku zile zilidhoofika haraka wakati wa kupima. Akaandika aliyoyaona, kisha akatafuta chanzo cha umeme kilicho imara zaidi. Poggendorff akamshauri atumie jozi ya madini mawili yaliyounganishwa, shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa katika maji yanayochemka na wa pili katika barafu. Umeme wa namna hiyo ni mdogo, lakini hautetereki. Kwa chombo hicho alipata kanuni ya kweli, akaitangaza mwaka 1826, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake. Wengi nchini mwake walikipokea kwa ubaridi, naye akaiacha kazi yake ya Köln. Nishani kubwa ya Copley kutoka London ilimfikia mwaka 1841. Ni miaka mingi ya kungoja alama, kijana wetu, na sifuri yako ni ya juma moja tu.

Wazazi, msidhani kwamba habari hizi ni za madawati ya shule peke yake. Twajua nyumba moja yenye kibao cha nguvu za jua juu ya bati na betri ya gari ya volti 12 chini ya kitanda. Mwenye nyumba, mtu hodari, alitaka kutia umeme simu yake inayohitaji volti 5. Alikuwa amesikia juu ya kugawanya volti. Akachukua vikinzani viwili, omu 700 na omu 500, akaviunga kwa mfuatano kwenye betri, akapima kwenye kile cha 500: volti 5 kamili! Akaiunga simu. Simu ikakaa kimya kama jiwe.

Mnajua sasa kwa nini. Simu nayo ni njia ya pili ubavuni, kama kile chombo cha mshale, tena njia pana mno. Ilitaka ampea 1, na omu 700 zile, hata betri ijitahidi vipi, haziwezi kupitisha zaidi ya ampea 0.017. Zile volti 5 zilikuwapo maadamu hapana aliyeziomba kitu.

Basi akafikiri upya, na fikira yake haikuwa ya kijinga. Akasema, «Simu yataka volti 5 na ampea 1, nahitaji kushusha volti 7, nitaweka kikinzani kimoja cha omu 7, kifuatane na simu.» Akaweka, na simu ikaanza kujaa. Kikinzani kilikuwa cha moto wa kuunguza vidole, kwa kuwa wati 7 zilikuwa zikipotea humo bure, lakini yeye alifurahi, akaenda kulala. Usiku, simu ilipokaribia kujaa, haikuvuta tena ampea 1. Ilivuta sehemu ya kumi tu. Omu 7 mara ampea 0.1 ni volti 0.7. Betri ina 12, kikinzani kinashusha 0.7, na zilizobaki je? Volti 11.3, zote juu ya kifaa kilichoumbwa kwa 5. Asubuhi simu ilikuwa imekufa, pamoja na namba zote za ndugu zake walioko mbali, na baadhi ya namba hizo hazijapatikana mpaka leo.

Sheria ya jumla ya volti haina huruma: isiposhuka hapa, itashuka pale. Kugawanya volti kwa vikinzani kwafaa tu pale ambapo mwenye kuzipokea havuti mkondo, au huvuta kidogo sana kuliko ule upitao katika vikinzani vyenyewe. Kwa simu, nunueni ile chaja ndogo ya kutumia ndani ya gari. Ndani yake mna mtambo unaojirekebisha kila dakika, uikute simu na njaa au imeshiba.

Na kwa kuwa tumetaja usiku, tuseme pia juu ya zile shada za vitaa za Noeli za namna ya kale, ambazo huenda bado zimo katika masanduku ya watu. Vitaa 20 kwa mfuatano kwenye umeme wa nyumba wa volti 220: kila kimoja hupata 11. Kimoja kikikatika, vyote huzimika, na wazazi huwaachia watoto wakitafute kwa kuvichomoa kimoja kimoja. Msifanye hivyo! Mkondo ukisimama, vitaa vizima havishushi volti yoyote, kwa kuwa sifuri mara omu zozote ni sifuri. Basi volti zote 220 hujikusanya mahali pamoja, pale palipokatika, au katika tundu tupu ambamo mtoto anataka kutia kidole. Chomoeni kwanza waya mzima kutoka ukutani. Anayetaka kuliona jambo hili kwa usalama na atwae betri 3 za tochi na vitaa 3 vidogo. Achomoe kimoja, kisha apime. Juu ya viwili vilivyobaki ataona sifuri, na katika tundu tupu volti 4.5. Mafundi wazuri hutafuta mahali palipokatika kwa njia hiyo hiyo. Lakini umeme wa ukutani waachieni wao.

Kwako wewe, kijana uliyetuandikia. Nenda kwa mwalimu wako wakati wa mapumziko, si mbele ya darasa, ukamwonyeshe maandishi yaliyo usoni mwa chombo: omu ngapi kwa kila volti. Mwombe ruhusa ya kupima tena mkiwa wawili, vyombo viwili kwa wakati mmoja, kimoja kwenye kila kikinzani. Vikiwa vya namna moja na vimewekwa kwenye kipimo kimoja, kila upande utakuwa na mfereji sawa, nanyi mtaona 4.5 na 4.5, safari hii kwa macho. Usimdai alama. Na siku nyingine, katika daftari lako, pembeni ya kila tarakimu andika pia chombo ulichotumia na kipimo ulichokiweka, maana 1.3 bila maelezo hayo ni kama barua isiyo na anwani.

Tumetia katika bahasha yako vikinzani viwili vya omu 1,000. Vipime kwa chombo kile kile cha mshale na betri zile zile. Kwa hesabu yetu kila kimoja kitakuonyesha volti 4.49, yaani pungufu ya 0.01 tu, na mshale huo ni mnene mno kuuonyesha upungufu kama huo. Utuandikie utakachokiona.